Siku 42 barabarani, 14 nyumbani: Dereva mpya apime nini kabla ya kusaini?

Bandari ya Dar es Salaam inapokea mizigo ya Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC), Malawi, Rwanda, Burundi na Uganda, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo inasafirishwa kwa malori. Kwa vijana wengi wenye leseni daraja E, huko ndiko ajira iliko. Tunazungumza mara kwa mara kuhusu ajali za malori, foleni za mipakani na bei ya mafuta. Muda ambao dereva anakaa nyumbani kwake hauzungumzwi sana, ingawa ndio unaoamua afya yake, ya mkewe na ya watoto wao.

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mama mmoja wa Kibaha. Mumewe ana miaka 27 na amepata kazi yake ya kwanza ya lori la masafa marefu, kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Kampuni imempa mkataba usio wa kawaida: siku 42 barabarani, kisha siku 14 nyumbani, huku dereva mwingine akilichukua gari lilelile. Ana siku chache za kujibu. Mama huyu ana mimba ya wiki 24 na mtoto wa miezi 14. Ameuliza: “Dokta, mama mkwe anasema ni bahati, siku 14 nyumbani hakuna dereva anayezipata. Mimi naogopa hizo 42. Tukubali au tukatae?”

Swali lake ni la familia nyingi, hivyo nalijibu hapa kwa kirefu.

Hesabu ya siku za nyumbani

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyomfurahisha mama mkwe. Mzunguko mmoja wa kazi na mapumziko ni siku 56. Kwa mwaka hiyo ni mizunguko sita na nusu, kwa hiyo dereva atakuwa nyumbani siku 91 hivi.

Linganisha na mtindo uliozoeleka. Dereva anapeleka mzigo, anarudi na shaba, gari likiingia yadi anakwenda nyumbani hadi upatikane mzigo mwingine. Tuseme safari imechukua siku 25 na nyumbani amekaa siku tatu. Kwa mwaka hizo ni safari 13 na siku 39 tu za nyumbani. Na hizo tatu zenyewe hana uhakika nazo, kwa sababu simu ya kuitwa yadi inaweza kulia siku ya pili asubuhi. Kwa kipimo hiki mama mkwe yuko sahihi: mpango mpya unampa dereva zaidi ya mara mbili ya siku za nyumbani, tena siku zinazojulikana mapema.

Sasa tuiweke hesabu hiyo kando ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Toa wiki nne za likizo, zinabaki wiki 48, kila moja na siku yake ya kupumzika. Jumlisha 48 na 28 upate 76. Ongeza sikukuu za kitaifa na za kidini, utaikaribia 91.

Maana yake ni kwamba siku 14 za kila mzunguko zinaweza kuwa zilezile ambazo sheria tayari inampa, ila zimekusanywa na kutolewa kwa mkupuo. Zitakuwa nyongeza ya kweli iwapo tu atapata pia siku ya mapumziko kila wiki akiwa safarini, na likizo yake ya mwaka itahesabiwa peke yake. Mkataba usiposema hivyo, familia ijue kwamba imepewa haki yake kwa utaratibu mwingine. Hilo bado ni jema ukilinganisha na mazoea ya barabarani, lakini halistahili kulipiwa kwa kukubali masharti mabaya mahali pengine.

Usingizi hauwekwi akiba

Hapa ndipo mimi kama daktari ninaposita. Familia huhesabu siku za mwaka, lakini ubongo wa dereva huhesabu saa za usiku wa jana. Siku 14 za kulala Kibaha mwezi ujao hazimsaidii mtu anayeteremka Kitonga leo akiwa amelala saa tatu.

Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi kwa siku. Akilala saa nne au tano kila siku, uchovu hujilimbikiza siku baada ya siku, na baada ya wiki moja au mbili anakuwa mzito wa kuona hatari na mzito wa kukanyaga breki, ingawa mwenyewe anahisi amezoea. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24 bila kulala, ni kama mwenye asilimia 0.10. Hakuna trafiki anayeweza kumpima usingizi kwa kumpulizisha kifaa.

Kuna saa ambazo mwili wenyewe unataka kulala hata kama mtu hakuchoka: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena kidogo kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Dereva aliyechoka anaweza kusinzia kwa sekunde nne tu bila kujua. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limekwenda karibu mita 90 bila mtu wa kuliongoza.

Ndiyo maana sheria ileile haikuishia kwenye jumla ya mwaka. Inataka saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na inayofuata, na saa za kazi kwa siku zisizidi 12 hata ukijumlisha za ziada. Kwa makubaliano ya maandishi, mapumziko ya wiki yanaweza kuunganishwa yakawa saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Kutoka wiki mbili hadi wiki sita ni mbali sana. Anayekubali siku 42 bila siku hata moja ya kusimama anakubali kitu ambacho sheria haikukusudia na mwili haukiwezi.

Tofautisha pia kupumzika na kusubiri. Madereva hukaa foleni Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kwenye karatasi za ofisi siku hizo zinaweza kuonekana ni za kupumzika. Lakini mtu anayesogeza gari hatua chache kila baada ya muda, huku akilinda mzigo, matairi na mafuta usiku kucha, hajapumzika. Siku ya mapumziko ni ile ambayo gari limeegeshwa mahali salama, funguo zimekaa, na dereva amelala bila kuamshwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa mwaka 2021 uchambuzi wa pamoja kuhusu saa za kazi. Wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17, kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Kijana wa miaka 27 haoni hatari hiyo leo. Shinikizo la damu linaloanza kimyakimya kwenye usukani huonekana akiwa na miaka 40, mara nyingi kwa kiharusi.

Dereva mpya ana mzigo wa ziada

Dereva mwenye miaka 15 barabarani anajua kituo gani kina ulinzi, wapi pa kuoga, wapi pa kula chakula cha moto, na mlima upi usishukwe usiku. Mpya hajui. Anatumia akili nyingi kwa kila kilomita, kwa hiyo anachoka mapema kuliko mkongwe. Pia ana woga wa kumwambia mtu wa ofisini, “Bosi, nimechoka, nasimama Makambako.” Yuko kwenye muda wa majaribio na anataka kuonekana hodari.

Hapo ndipo vishawishi vinapoingia: mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu chupa baada ya chupa, vidonge asivyovijua anavyopewa na wenzake. Vyote hivi huficha usingizi bila kuuondoa, na nguvu yake ikiisha usingizi hurudi ghafla. Upande wa pili ziko dawa za mafua na mzio zinazouzwa duka lolote la dawa, Piritoni ikiwa mojawapo, ambazo husinzisha. Dereva mwenye mafua amwambie muuzaji wa dawa kwamba anaendesha.

Kinachosaidia kweli ni kuegesha na kulala. Pale ambapo hawezi kupata usiku mzima, usingizi wa dakika 20 pamoja na kikombe cha kahawa humpa nafuu ya muda mfupi ya kufika kituo cha karibu. Haumpi usiku mwingine wa kuendesha.

Jambo jingine ni malipo. Pale ambapo posho ya safari inatolewa kwa mkupuo, dereva hujibana ili arudi nayo nyumbani: analala kwenye kichwa cha gari badala ya nyumba ya wageni, anakula mara moja kwa siku, hanywi maji ili asisimame kukojoa. Baada ya miezi kadhaa anakuja hospitali na maumivu ya mgongo, bawasiri, vidonda vya tumbo au maambukizi ya njia ya mkojo. Wake na akina mama wanaosoma hapa, mnapohesabu fedha alizorudi nazo, muulizeni alikula nini.

Dawa na kliniki kwa mtu asiye nyumbani

Ratiba ya siku 42 inagongana na ratiba za hospitali zetu, ambazo nyingi zimejengwa kwa mwezi mmoja. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayepewa dawa za siku 30 atakaa siku 12 bila dawa kila mzunguko. Mweleze daktari kazi yako, uombe dawa za siku 60 ili pawe na akiba ya foleni. Kama unatumia dawa inayokukojoza sana, usiiache kimyakimya kwa sababu ya safari. Zipo nyingine, na daktari anaweza kukubadilishia.

Mwenye kisukari ana mambo mawili ya kuangalia. Baadhi ya vidonge, hasa glibenklamaidi, vinaweza kushusha sukari ghafla akichelewa kula, na sukari ikishuka kwenye usukani ni hatari sawa na kusinzia. Anayetumia insulini ajue kwamba chupa iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne, kwa joto lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kulingana na aina. Kichwa cha lori kilichoegeshwa juani huzidi hapo haraka. Hali hizi haziruhusu kujaribu peke yako, kaa na daktari wako kabla ya kusaini.

Anayetumia ARV na afya yake imetulia anaweza kupewa dawa za hadi miezi sita. Aombe. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kabla ya safari, kwa sababu kwenye kichwa cha gari anavuta hewa moja na utingo wake usiku na mchana.

Kwa anayekwenda DRC, chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Dozi moja inatosha maisha yote, na kadi yake itunzwe kama pasipoti. Kuhusu mpox, WHO ilitangaza dharura ya kimataifa Agosti 2024 na kuiondoa Septemba 2025, lakini kuondolewa kwa dharura hakumaanishi ugonjwa umekwisha. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 21 baada ya kuambukizwa. Dereva akirudi na homa na upele wenye malengelenge, alale chumba chake, asibebe watoto, apige simu 199 ya Wizara ya Afya au aende kituo cha afya. Na kila homa baada ya safari ipimwe malaria siku hiyohiyo.

Mume, mke na mazungumzo magumu

Sipendi tabia ya kumwona kila dereva ni mtuhumiwa. Wapo wengi wanaotunza ndoa zao vizuri kuliko wanaolala nyumbani kila siku. Lakini ukweli wa barabara hii tuuseme. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi nchini. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Barabara ya Tunduma inapita kwenye mikoa hiyo yote mitatu.

Kwa hiyo wenza wapime pamoja kabla ya safari ya kwanza, na wakubaliane kupima tena kwa vipindi, wakikumbuka kwamba kipimo cha leo hakionyeshi maambukizi ya wiki iliyopita. Ndani ya begi la safari kondomu ziwemo, bila mtu kuulizwa anaenda nazo wapi. Anayejiona yuko kwenye hatari anaweza kuanzishiwa PrEP, dawa kinga inayomezwa kabla. Aliyekwisha kujiweka hatarini ana saa 72 tu za kuanza dawa ya kuzuia maambukizi, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi zaidi. Aingie kituo cha afya kilicho karibu, asisubiri kufika nyumbani.

Yupo mke anayeacha vidonge vya uzazi wa mpango mume anapoondoka, akisema “nitaanza akirudi”. Hiyo ni njia ya uhakika ya kupata mimba isiyopangwa, kwa sababu vidonge havikingi siku unapoanza tu, na malori huwahi au huchelewa. Kwa familia yenye ratiba kama hii, kipandikizi au kitanzi hufaa zaidi.

Mtoto wa miezi 14 na mtoto anayekuja

Siku 42 ni muda mfupi kwa kampuni na kwa baba. Kwa mtoto wa miezi 14 ni moja ya kumi ya maisha yake yote. Kwa baba wa miaka 27, moja ya kumi ya maisha ni karibu miaka mitatu. Asishangae mtoto akimkimbia siku ya kwanza na kujificha nyuma ya mama. Hiyo ni kawaida ya umri huo, haina uhusiano na kulishwa maneno. Baba asimnyang’anye mama mtoto kwa nguvu, wala asimhonge pipi. Akae chini sakafuni, acheze karibu naye, mtoto atamfuata mwenyewe ndani ya siku mbili tatu.

Wakati yupo safarini, simu fupi za kila siku kwa saa ileile, kwa mfano kabla ya mtoto kulala, zina faida kuliko simu moja ndefu ya Jumapili. Mtoto asikie sauti, aone uso pale mtandao unaporuhusu. Lakini simu ipigwe gari likiwa limesimama. Mama usimpigie akiwa anaendesha, na akikupokea ukasikia injini inavuta, kata.

Sasa mimba. Kama baba anaanza kazi mimba ikiwa na wiki 24, atarudi mara ya kwanza ikiwa na wiki 30, ataondoka tena wiki 32, atarudi wiki 38 na kuondoka wiki 40. Mimba iliyofikia muda wake huzaa wakati wowote kati ya wiki 37 na 42. Atakuwepo katikati tu ya kipindi hicho, na foleni ya wiki moja Kasumbalesa inaweza kumfikisha wiki ya 39. Sheria inampa baba angalau siku tatu za likizo ya uzazi yenye malipo, lakini lazima azitumie ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mtoto akizaliwa baba akiwa Lubumbashi, hawezi kufika kwa wakati kwa barabara ya karibu kilomita 2,000 na lori lenye mzigo. Haki hiyo itakuwa imempita.

Hili halizuii kukubali kazi. Linamaanisha mpango wa kujifungua usimtegemee yeye. Achaguliwe mtu mzima mmoja, mama mkwe au dada, anayeweza kuamka usiku. Fedha ya usafiri itengwe mapema, akae nayo mama, isisubiri kutumwa kwa simu. Namba ya bodaboda au bajaji anayeaminika iwepo, na kituo cha kujifungulia kijulikane. Mama akitokwa damu, akiumwa kichwa sana, macho yakiona ukungu, akivimba uso na mikono, mtoto akipunguza kucheza au chupa ikipasuka, aende hospitali saa hiyohiyo, asingoje ruhusa ya aliye safarini. Baba aseme wazi kabla hajaondoka kwamba uamuzi wa hospitali hauhitaji simu yake. Mkubwa naye asisahaulike, ana chanjo ya pili ya surua na rubella akitimiza miezi 18.

Siku 14 zisiliwe

Mpango huu ukikubaliwa, adui wa kwanza wa zile siku 14 atakuwa familia yenyewe. Kuna msingi wa nyumba unamsubiri, kuna shamba, kuna harusi ya binamu, na kuna rafiki mwenye daladala anayetafuta dei waka. Dereva anayetumia mapumziko yake kuendesha gari jingine anarudi yadi akiwa amechoka kama alivyotoka.

Napendekeza siku tatu za kwanza ziwe za kulala, kula na kukaa na watoto. Siku ya nne au ya tano iwe ya hospitali: presha, sukari, VVU kwa wote wawili, na kuchukua dawa za mzunguko unaofuata. Mke akisema mumewe anakoroma sana na kukata pumzi usingizini, amweleze daktari, maana ugonjwa huo humfanya mtu asinzie mchana hata akilala saa nane. Shughuli nyingine ziwekwe katikati. Siku mbili za mwisho ziwe tulivu, na usiku wa kuamkia safari alale mapema.

Jibu langu

Je, wakubali? Kwa mpango wenyewe, naona ni bora kuliko mtindo wa kuitwa yadi wakati wowote, kwa sababu siku za nyumbani zinajulikana na ni nyingi. Lakini sitamshauri dereva mpya asaini kabla hajapata majibu haya kwa maandishi:

- Ndani ya siku 42, atapumzika saa ngapi kila siku, na siku ya kusimama kila wiki itakuwa wapi? Je, foleni ya mpakani itahesabiwa kuwa mapumziko?
- Siku ya 42 ikimkuta Tunduma, nani anampokea, na siku zilizozidi zitafidiwa vipi?
- Likizo ya siku 28 iko nje ya zile siku 14, au imemezwa humo?
- Mshahara wa msingi unaendelea akiwa nyumbani? Siku 91 ni robo ya mwaka, na robo ya mwaka bila posho lazima iingie kwenye bajeti ya familia.
- Bima ya afya inamhudumia yeye na familia, na akiugua nje ya nchi nani analipa? Je, ameandikishwa NSSF, na mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF)?
- Mke akijifungua, mzunguko unaweza kusogezwa?

Majibu ya maswali mawili ya kwanza yakiwa mabaya, nasema asikubali, hata kama mengine ni mazuri. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama atarudi mzima.

Kwa familia ya Kibaha naongeza njia ya tatu. Aombe kuanza na safari za ndani, za Mbeya au Tunduma, kwa mzunguko wa siku 21 kazini na saba nyumbani, hadi mtoto azaliwe. Uwiano ni uleule na kwa mwaka bado ni siku 91, lakini hakai mbali wiki sita, dawa na kliniki zinaendana nao, mtoto hamsahau, na yeye anajifunza barabara kwa vipande vifupi. Kwa safari ya Kongo mzunguko huo hauwezekani, safari moja inaweza kumaliza siku zote 21. Kwa dereva aliye kwenye majaribio, hiyo nayo ni sababu ya kutoanzia huko. Kampuni inaweza kukataa, lakini kuuliza kwa adabu kabla ya kusaini hakujawahi kumkosesha kazi mtu ambaye kampuni inamhitaji kweli.

Mkataba usomwe na watu wawili, yeye na mkewe, na wasichokielewa wakamwulize afisa kazi wa mkoa. Mgogoro ukitokea baadaye, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ipo kwa ajili hiyo. Na kabla ya kukabidhiwa funguo, apime macho, presha, sukari na VVU, aandikiwe majibu kwenye daftari lake mwenyewe. Vipimo hivyo vya mwanzo ndivyo tutakavyolinganisha navyo kila atakaporudi.